Tulisema Ni Jiko

Haya, Neema, umeshabonyeza? Hako kataa kekundu ka simu ndiko kananisikia? Basi iweke hiyo simu juu ya ndoo, usiishike, unaibana kama umekamata kuku wa mtu.

Nyie mtakaosikiliza huko jikoni shuleni, marahaba wote, hata kama hamjanisalimia. Ni mimi Yustina, yule mliyemuaga juzi. Kusoma sijui, kuandika sijui, kwa hiyo nasema. Shule imefungwa, Neema, mpishi mwenzenu, amenifuata mpaka nyumbani. Amenibembeleza hivi: "Bibiii, ongea mambo ya kazi, na sisi tuyatunze." Kama anamwomba mtoto ateme udongo. Tumekaa chumbani kwangu, ukungu umeingia mpaka mlangoni, kuni zimelowa, moto sijawasha. Mimi nimejifunga blanketi. Mnaijua baridi ya Mbulu, sina haja ya kuwaeleza.

Kwenye sherehe yangu ya kustaafu mkuu wa shule alisimama akatoa sauti yake ya Jumatatu: "Mama yetu Yustina ni nguzo. Ni hazina. Ni… ni…" Akalitafuta neno la tatu, likakataa kuja, akanipa saa ya ukutani. Saa! Mimi saa siwezi kuisoma. Miaka yote nimepika kwa jua na kwa pua, na hakuna mwanafunzi aliyekula kibichi. Lakini nimeitundika, ile pale, inatafuna ukuta kama panya. Ya mshahara msiniulize, hadithi yake ni fupi.

Nimekubali kuongea kwa sababu moja. Kuna mmoja wenu anakwenda sana tenkini, na mimi nimemwona. Nitamfikia. Kwanza nianzie nilikoanzia.

Siku ya kwanza nilifika jikoni bado giza, sioni mbele kwa ukungu, naona tu wekundu wa moto na mtu mnene amesimama mbele yake. Huyo alikuwa Paskalina, mkuu wa jiko. Sauti yake ilikuwa kama debe linaburutwa kwenye mawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kupika au kuota moto?"

"Kupika, mama."

"Mwongo. Kwa baridi hii wote wanakuja kuota moto. Ingia."

Huyo ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachojua. Kuni mbichi usizilazimishe, zipange ubavuni mwa jiko leo, utazichoma kesho. Maharage yachague mchana, usiamini macho ya asubuhi, jiwe moja likimvunja jino mtoto wa mwenyekiti utaitwa ofisini. Na mwiko ule mkubwa, alinikuta nahangaika nao mabega juu, akaupiga mguu wangu kwa mguu wake. "Tanua miguu! Usisonge kwa mikono, utakufa kabla ya Pasaka. Songa kwa kiuno. Kiuno chako unakiweka akiba ya nini?"

Halafu akanifundisha ya tenki. Nyie mnalijua, lile la maji ya mvua nyuma ya jiko. Jiko linafukuta, halafu ukitoka nyuma pale unapigwa na ukungu, unapata pumzi. Paskalina akasema: "Mwenzako akikuachia mwiko akaenda tenkini, ushike. Usimuulize anakwenda kufanya nini. Usimuulize ana nini. Akirudi mrudishie, mwendelee." Basi. Ilikuwa heshima. Pale jikoni kila mwanamke alikuwa na lake, mmoja mimba imetoka, mwingine mume amerudi na mkono mwepesi, na hakuna aliyetaka kuhojiwa mbele ya sufuria. Unakwenda, unalia, unanawa, unarudi. Niliipenda sana hiyo sheria. Ilitufundisha kunyamaza, na tulifaulu kweli kweli.

Na kitu kingine, jikoni hatukuwa na ugonjwa. Kichwa kikiuma ni moshi. Mgongo ni mwiko. Macho ni kuni za mkaratusi. Ukitoka jasho, ukishikwa na kizunguzungu, ukikosa hamu ya kula, "ni jiko." Tukimaliza kusema hivyo tumetibiwa.

Baadaye akaja Mama Gidamis. Yeye ni Mbarabaig, kwao ni upande wa Masakta huko Hanang, mrefu kama mlango wa kanisa, amevaa bangili mpaka kwenye kiwiko. Siku ya kwanza aliizunguka sufuria kubwa, akaigonga kwa kidole. "Hii naweza osha ndama ndani." Kiswahili chake kilikuwa kinakimbia na viatu vimebaki nyuma, na mimi nilimwiga mpaka akanizoea, na yeye akanirudishia. Sheria ya tenki haikumwingia kabisa. Alisema, "Sisi kwetu ng'ombe akiacha kula majani, watu wote nakaa nauliza, ng'ombe huyu ana nini? Nyie mtu naacha kula, mnashika mwiko!" Tukamcheka. Tukasema huyu hajazoea watu.

Sasa, Paskalina akafika umri wake. Damu ikawa inakuja inapotea, inakuja inapotea, mwisho ikakoma. Hakuficha. Alitangaza pale pale anachota unga: "Jamani, nimefunga duka. Mzigo umeisha. Mteja arudi kwao." Tulicheka mpaka uji ukaungua. Joto likawa linampanda, uso unawaka, jasho linaingia kwenye mboga, ananiachia mwiko, anakwenda tenkini anafungua kanga kifuani apigwe ukungu. Tukasema ni jiko. Na kwa joto lile, pengine hatukukosea sana. Kila mwanamke mwenye bahati ya kuzeeka anapita hapo.

Ikapita miaka, duka limefungwa. Halafu mchana mmoja tunachagua maharage, Paskalina akasema bila kuinua kichwa:

"Jamani, nimerudi usichana."

"Usichana gani?" nikamuuliza.

"Nimeona damu. Jana, na leo."

Mama Gidamis akasema, "Basi mzee wako nalete ng'ombe tena. Wale wa kwanza nilisikia walishakufa."

Heee! Paskalina alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Mimi nikamtafutia bwana harusi, mlinzi wa shule, yule asiye na meno. Tulifurahi mchana ule. Nikiukumbuka sasa hivi natusikia wote watatu tukicheka, na natamani mtu angeingia atufunge midomo.

Mama Gidamis ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Akasema, "Lakini mama. Ng'ombe mzee natoa damu, sisi hatuchekagi."

"Mimi si ng'ombe. Niliinua sufuria vibaya."

"Nenda kwa daktari."

"Nikamwambie nini? Kale kavulana ka pale zahanati? Nilimpikia uji huyo akiwa form one, alikuwa analilia ukoko. Leo nimpanulie miguu?"

"Si yuko mwingine mjini, wa kike."

"Nitakwenda. Mtihani wa form four uishe kwanza."

Mtihani ukaisha. Akasema mvua ipungue, njia ni tope. Mvua ikapungua. Akasema mahindi yavunwe, nani atavuna? Mahindi yakavunwa, shule ikafunguliwa, watoto wanataka kula. Na damu yenyewe ilikuwa na ujanja, inakuja kidogo, inaondoka, anasema, "Mmeona? Imekwisha." Halafu inarudi. Kiuno kikaanza kumuuma. Akapungua, aproni ikawa inamzunguka. Sisi tukawa tunamsaidia. Mimi nashika mwiko, Mama Gidamis anainua sufuria, mwingine anachota maji, Paskalina amekaa juu ya debe anatoa amri. Tulimsaidia mpaka hakuna mtu pale shuleni aliyejua kwamba Paskalina hapiki tena.

Siku aliyoanguka pale tenkini ndiyo siku tuliyompeleka. Mimi na Mama Gidamis, tumemweka katikati kwenye basi, mpaka mjini. Daktari alikuwa dada mdogo, mpole, anaongea polepole kama anayevuka mto juu ya mawe. "Shikamoo mama. Pole. Damu ya mwezi ilikoma lini?" Paskalina akajibu. "Na hii ya sasa, ilianza lini?" Paskalina akajibu vile vile, kama ameulizwa bei ya mahindi mnadani.

Yule dada aliacha kuandika. Kalamu ikabaki juu.

"Mama yangu, mbona hukuja mapema?"

"Nilidhani ni jiko."

"Jiko gani, mama?"

Ungemwelezaje? Ungeanzia wapi?

Akapelekwa hospitali kubwa, huko wakasema ni saratani ya kizazi na imeshatembea mwilini. Wakatueleza vizuri, hawakutugombeza. Wakasema ingewahiwa, kulikuwa na la kufanya. Akarudi nyumbani kwake alale.

Nilikwenda kumwona. Amebaki macho na ile sauti. Nikasema shikamoo, akasema, "Marahaba. Nani ameshika mwiko?"

"Mimi."

"Unasonga kwa mikono. Nayaona mabega hayo."

Nikamlisha uji, akameza kidogo, akaukataa. Akaniangalia. Akasema, "Yustina. Yule dada aliniuliza maneno mawili tu. Ilikoma lini, imerudi lini. Mawili. Na nyie mnaongea kutwa nzima."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeshangaa. Mimi ninayeiga kila mtu, hiyo sauti sijawahi kuiiga mbele ya watu. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Msibani kwake tulipika sisi. Nani mwingine? Tukaazima masufuria yale yale ya shule, na mwiko wake ule ule. Nasonga ugali wa msiba wa aliyenifundisha kusonga, mara kitu kikanishika hapa kifuani, kikapanda shingoni, usoni, kama mtu amefungua mlango wa tanuri ndani ya nguo zangu. Jasho likatiririka. Moyo ukakimbia. Mama Gidamis akauchukua mwiko. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta tenki. Hapakuwa na tenki. Nikasimama kwenye migomba nikasema, ni huzuni. Nikasema tena, ni jiko.

Basi na mimi zamu yangu ikawa imefika. Joto linakuja bila hodi. Usingizi ukanihama. Nikawa mkali, siku moja nilimfukuza mwanafunzi kwa upawa wa mboga kwa sababu amesema asante kwa sauti nisiyoipenda. Nikasahau chumvi, siku nyingine nikatia mara mbili, watoto wakawa wanaimba kwenye foleni, "Bibi chumviii!" Damu yangu ikawa inapotea inarudi, inapotea inarudi, mpaka ikapotea. Nami kila siku nasema ni jiko, ni jiko, kama mtu anayesali.

Ikaja likizo. Jiko la shule likazimwa, majivu yakapoa, paka akalala ndani yake. Mimi niko hapa hapa chumbani, ukungu kama leo, na joto likanipanda. Nikatazama huku na huku natafuta jiko la kulisingizia. Halipo! Nimekaa na baridi yote ya Mbulu na jasho linanidondoka kidevuni.

Hapo nikajua ni mwili wangu. Mnafikiri nilikwenda kwa daktari? Sikwenda. Niliogopa ile kalamu. Niliogopa nianze kusema halafu yule dada aache kuandika. Nikawa najadiliana na nafsi yangu kama wazee wa baraza. Nikienda nitaambiwa. Nisipoenda sijaambiwa, na kama sijaambiwa, sina. Na tena hili ni la uzee tu, nani anaugua uzee? Na tena Paskalina naye alisema hivyo hivyo. Na tena, na tena. Nikawa nachota maji, nalima bustani, nafua nguo safi, ili mradi nisikae nikafikiri.

Mama Gidamis alikuwa amesharudi kwao Masakta. Sijui nani alimwambia. Asubuhi moja nikasikia pikipiki, natoka, huyo hapo anateremka kwenye boda boda na bangili zake, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakutaka chai. Hakutaka kukaa. Amesimama pale pale mlangoni.

"Damu yako nakoma?"

"Imekoma."

"Narudi?"

"Haijarudi."

"Vaa viatu."

"Mama Gidamis, kaa kwanza unywe…"

"Vaa viatu, Yustina. Mimi sipiki msiba mwingine."

Tukaenda. Alikuwa ni yule yule dada, ameongeza miwani. Akaniuliza yale maneno mawili, na mengine, akanipima presha, akanitoa damu kidogo, akanipima na kule kwingine. Mimi macho yangu yote yapo kwenye kalamu. Kalamu ikaandika tu, ikaandika, haikusimama.

Akasema, "Bibi, ni umri unabadilika. Si ugonjwa. Lakini kuteseka nako si lazima. Wengine linapita lenyewe, wengine tunawasaidia kwa dawa, tutaangalia ipi inakufaa." Akanieleza ya kulala, ya kupunguza chai ya rangi jioni, ya nguo nyepesi ndani na sweta juu. Halafu akaweka kalamu chini mwenyewe, akanishika mkono. "Ila hili usilisahau. Damu ikishakoma mwaka mzima halafu irudi, hata tone moja, usingoje. Mara nyingi huwa si jambo kubwa. Lakini lazima tuangalie."

Nikalia. Yule dada akadhani nimeogopa, akawa anasema, "Bibi, uko salama, uko salama." Hakujua. Nililia kwa sababu maneno yake yote yalikuwa yanaenea kwenye muda wa kuchagua ungo mmoja wa maharage. Siku ile ya usichana tulikuwa na magunia.

Tangu hapo nikaivunja sheria ya Paskalina. Mtu akiniachia mwiko nampa mwingine, namfuata tenkini, namuuliza. Mnakumbuka mlivyonichukia? "Bibi Yustina anachungulia watu! Bibi Yustina ni polisi wa kanga!" Nilisikia, nina masikio. Wengine walinijibu vibaya, wengine walijibu vizuri. Na mmoja alinijibu, "Ni jiko, bibi," akacheka, akarudi kusonga. Nikamwacha, kwa sababu wiki ile watu walikuwa wananiaga kwa nyimbo.

Neema, usizime.

"Bibi, betri inaisha."

Betri imejaa, nimeiona inang'aa. Kaa chini. Unajifuta nini usoni?

"Hamna."

Mimi nimevaa blanketi, wewe umevua sweta. Moto sijawasha, mwanangu. Jiko liko wapi?

"Ni joto tu, bibi."

Joto sawa. Joto nalijua, hilo tutacheka nalo. Mimi siulizi joto. Mwezi huu nilikuona unafua kanga pale tenkini, peke yako, mara kwa mara, na wewe ulishaniambia zamani duka limefungwa. Nauliza maneno mawili. Ilikoma lini?

"…Kabla mwanangu Bura hajaoa."

Bura ana mtoto anayetembea. Haya. Imerudi?

Msikilizeni huyo panya ukutani. Mkuu wa shule, asante kwa saa yako, leo imepata kazi.

"Imerudi, bibi."

Tangu lini?

"Tangu tulipopanda mahindi."

Umemwambia nani?

"Si ndiyo nakuambia wewe."

Njoo hapa. Njoo ndani ya blanketi, hata kama una joto. Lia, hapa hapahitaji tenki. Kesho tunapanda basi la asubuhi, mimi na wewe.

"Na shule ikifunguliwa nikiwa huko? Nani atapika?"

Si hao wanaosikiliza? Wana viuno.

"Bibi, na yule daktari akiacha kuandika?"

Sijui, mwanangu. Nisikudanganye. Alisema mara nyingi si jambo kubwa, na mimi nimeshikilia hapo, na wewe shikilia hapo. Ila nakwambia kama nilivyoambiwa nikiwa nimesimama pale mlangoni: mimi sipiki msiba mwingine. Mikono imechoka.

"Haya. Twende."

Na haya maneno yako, tuyafute kabla wenzako hawajasikia? Ni ya kwako, si ya kwangu.

"Waache wasikie, bibi."

Umesema mwenyewe. Haya, nyie wa jikoni, mmesikia. Mimi nimestaafu, siji tena kuwafuata. Ile sheria ya Paskalina ishikeni nusu yake. Mwenzako akikuachia mwiko, ushike. Halafu mmoja amfuate.